Zawadi ya Tarakimu Saba

"Hii ni nini?" Mkaguzi aliigonga barua kwa kidole. Chini ya salamu kulikuwa na tarakimu saba: 5882353.

"Ni namba tu," Mwalimu alisema.

Namba tu! Siku ya kumi na tisa hiyo, watunzi wa mtihani wa taifa wamefungiwa ndani ya jengo lile, madirisha yamepigiliwa mbao, simu zimechukuliwa, hata chooni mtu anasindikizwa. Hakuna kutoka mpaka mtihani ufanywe wiki ijayo. Barua ziliruhusiwa, moja kwa wiki, lakini ndani yake tarakimu marufuku. Mwaka juzi mwenzao alipenyeza swali moja nje, na mpaka leo yuko jela.

"Mimi mwenyewe nimekatazwa kuuona mtihani, nitajuaje kama namba hii haimo?" Mkaguzi alifoka. "Sema ukweli, mzee mwenzangu, usije ukaniponza."

"Kesho binti yangu Kipusa ana siku ya kuzaliwa. Kila mwaka humpa namba yake. Humu ndani nimpe nini kingine, bwana?" Alikuwa amemkumbuka mwanawe kwelikweli.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, au ndivyo alivyojiona. Alipiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye bahasha, akaweka spika.

"Samahani, nipo shuleni," sauti nyororo ilijibu. Nyuma yake viti vilikwaruza sakafu.

"Ni Kipusa? Unafanya mtihani wa taifa mwaka huu?"

"Hapana, sifanyi."

"Baba yako amekuandikia 5882353. Unaijua?"

"Siijui. Yupo hapo? Shikamoo, baba! Ndiyo zawadi yangu?"

Mkaguzi alishusha pumzi. "Haya, Mwalimu, mweleze nami nisikie. Ukiropoka jambo lingine, umekwisha."

Mwalimu aliinamia simu.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Izidishe kwa 17, utapata moja, sifuri saba, halafu moja."

"Polepole, baba."

"Sasa ikate vipande viwili, 588 na 2353. Kila kipande kizidishe kwa chenyewe, kisha ujumlishe."

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Mbona inarudi ile ile!"

"Ile ile, mama," Mwalimu alisema, machozi yakimlengalenga.

Hata Mkaguzi alijipangusa jicho. Loo, kumbe hesabu zina raha hivi! Aliigonga barua mhuri, akampa Mwalimu mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Kazi hii inatutoa utu."

Mlinzi alimrudisha Mwalimu chumbani, akafunga kufuli kwa nje.

Huko shuleni, Kipusa alikata simu, iliyokuwa kwenye spika muda wote, akaokota chaki, akawageukia wanafunzi wake arobaini wa darasa la mwisho.

"Swali ndilo hilo," alisema. "Kuna ambaye hajamaliza kuandika?"