Usaili wa Fuko

Fuko alihitimu chuo cha wanyama akiwa wa kwanza darasani, akakaa miaka mitatu bila kazi. Mwishowe akaenda kwa Bi Mbuni, mshauri wa ajira, ambaye ofisi yake ilikuwa ukingoni mwa mto. Mlangoni palikuwa pameandikwa "Karibuni Wote". Fuko, kwa kuwa haoni, alisomewa na wenzake kwenye foleni.

Bi Mbuni akamfanyisha mazoezi ya usaili kama kila mhitimu.

"Nitazame machoni, mwanangu. Waajiri wanataka hivyo."

"Mama, mimi sioni. Ila nasikia ardhi. Hapa chini mto umekula udongo, pamebaki pango. Tuondokeni!"

"Unakwepa swali," alisema Bi Mbuni, akimpa sifuri. "Na kusikia ardhi hakumo kwenye fomu yangu. Mwingine!"

Fuko akatoka kichwa chini. Hakufika mbali, ukingo ukameguka, ukamfukia Bi Mbuni pamoja na wahitimu sita waliokuwa kwenye foleni.

Alasiri ile mkuu wa chuo alimtafuta Fuko mwenyewe, akampa kazi papo hapo bila kumfanyia usaili. Yalihitajika makaburi saba.