Chuma Kikiwaka

Mwaka 1979, vipuri vilipoadimika, Yakoub aliifunika pikipiki yake kwa magunia ya katani. Mkewe alipomcheka, aliapa: “Mwatumu, siku chuma hiki kikiwaka tena, umeachika.” Shehe alithibitisha kwamba talaka ya sharti hushika. Plagi za kuwashia injini, hata hivyo, hazikuwapo Tanga nzima.

Mwaka 1986 biashara ya nje ilifunguliwa, vipuri vikarudi madukani. Yakoub alirudi kutoka msikitini akamkuta fundi wa mtaa wa Nguvumali akikaza plagi mpya, kauri yake nyeupe kama jino.

“Nani kakuita?”

“Mama huyu hapa.”

“We Mwatumu, unakumbuka nilivyoapa?”

“Neno kwa neno, bwana.”

Mwatumu alikunja buibui, akaweka unyayo wenye hina juu ya pedali ya kiki, akakanyaga. Injini ilikohoa, ikanyamaza.

Yakoub alishusha pumzi.

Mwatumu akakanyaga tena.