Gauni Lililomkaa Jirani

Mteja alimsalimia mshonaji, akampita. Mshonaji alikwisha kuinuka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, lakini yule dada alivuka ujia na kuingia duka la jirani, naye fundi wa nguo. Mwaka jana alikuwa mteja wake.

"Karibu, mdogo wangu," jirani alimpokea, sauti laini kama hariri.

"Mdogo wako tangu lini?" mshonaji alinong'ona, akachukua simu.

Kwenye kundi la washonaji mtandaoni watu walitumia majina ya kubuni. Yeye alijiita Sindano Butu. Mwalimu wake alijiita Bibi Uzi. Hakuwahi kutuma uso wala sauti, ila michoro na maneno machache. Ndiye aliyemfundisha kukata shingo isiyopwaya na kutia bitana isiyojikunja. Kila alipokosea alisahihishwa, na hakuchekwa hata siku moja.

Leo hakuuliza habari za mshono. "Bibi, nina jirani ananikosesha raha," aliandika. "Kavaa gauni la kijani, anajipitisha nalo mbele yangu makusudi."

Bibi Uzi akauliza:

"Limemkaa?"

"Limemkaa. Hapo ndipo roho inaponiuma."

"Basi mwache avae. Wewe nitumie tena picha ya lile bega la gauni unaloshona. Bado linavuta."

Akalifumua. Akashona, akafumua tena. Alipochoka alichungulia ng'ambo, wivu ukampanda, mguu ukarudi kwenye kanyagio.

Miezi ilipita. Wateja wakaanza kuvuka ujia kuja kwake, naye akawa anaacha mlango wazi kabisa, jirani aone vizuri.

Kisha jirani akaanza kufungasha. Watu walisema mama yake anaumwa, anahamia kwao kumuuguza. Wenzake wote walikwenda kumpa pole. Mshonaji hakwenda. Alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi, la kwanza kulishona peke yake bila kumsumbua Bibi Uzi, na alitaka jirani alione kabla hajaondoka. Akalitundika mlangoni.

Jirani aliliona. Aliweka mzigo chini, akavuka, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole polepole begani.

Mshonaji alikunja mikono kifuani, akingoja kijembe.

"Halivuti tena," jirani alisema. "Na safari hii hukuniuliza, mwanafunzi wangu."