Kiini cha Lundo

Kipande kimoja kilikosekana. Mpimaji alimwaga mfuko wote juu ya meza ya maabara, akavipanga vipande vya makaa ya mawe kwa namba alizokuwa amevipaka mwenyewe. Akafika cha sita, kilichofuata kikawa cha nane. Cha saba hakipo. Rangi nayo, nyeupe alipoipaka, ilikuwa imeingia umanjano. Rangi za siku hizi bure kabisa. Akajisuta kwamba kipande kilimponyoka kulekule kiwandani, maana siku ya kuvichukua akili yake haikuwa imetulia.

Angetuliaje? Moto wa lundo la makaa la kiwanda cha saruji ulikuwa umemuua mpakiaji, baba wa watoto wadogo. Na aliyewekwa mahabusu kwa kuuwasha ni mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao, mlinzi wa zamu siku hiyo. Kiwanda kilisema alitupa sigara. Mwenyewe alisema hakuvuta. Wakili wa kiwanda alikataa katakata dada mtu asipime, lakini hadubini ya kazi hiyo ilikuwa moja tu, na anayeijua ni huyo huyo. Hakimu akasema apime, kisha mtaalamu wa kiwanda achungulie nyuma yake.

Ijumaa ile ya kuvichukua vipande, alirudi na mfuko wake akakuta maabara imefungwa, mwenye funguo keshajiendea zake. Utaratibu ulitaka mfuko ulale kwenye kabati la maabara. Ukalala chini ya kitanda chake, nyumbani kwa mama.

"Umekuwa mweusi kama sufuria," mama alimwambia, akimmiminia maji ya kunawa. Mama alikuwa mwoka mikate, na mtaa mzima ulikula kutoka tanuri lake la matofali huko uani. "Haya, hayo mawe yako yatanitolea mtoto?"

"Itategemea, mama. Nimechimba katikati kabisa ya lundo, ambako mwali haukufika. Kama ni sigara, moto umetoka nje, kwa hiyo kule ndani makaa yatakuwa mabichi. Lakini makaa yakirundikwa ovyo hujipasha yenyewe, kwa joto dogo tu lisilokatika. Hapo kila chembe hupasuka na ukingo wake hung'aa. Nikiuona mng'ao huo, kesho yake yuko nyumbani."

Mama akatikisa kichwa. "Mimi na elimu yenu wapi na wapi. Kula ulale."

Jumamosi asubuhi mpimaji akauacha mfuko palepale chini ya kitanda, akaenda kumwona mdogo wake. Gereza lilikuwa mji wa pili, safari ya kulala kwa shangazi. Mama, ambaye hajawahi kukosa hata mara moja, safari hii alibaki. Wateja watamkimbia, alisema.

"Mama yuko wapi?" kijana aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Kabaki na tanuri lake."

Akainamisha kichwa. "Dada, ukikuta mabaya je?"

"Nitasema nilichokikuta."

"Najua," akasema. "Ndicho kinachoniogopesha."

Neno hilo lilimkaa rohoni njia nzima ya kurudi. Asiye na kosa anaogopa nini? Akajikemea kwa kuwaza hivyo. Jela inamtia hofu mtu yeyote.

Jumapili jirani alimdakia getini. "Mama yako kagoma? Tangu jana watoto wangu wanakunywa chai kavu."

"Mgongo," mama alijibu kutoka ndani. "Mgongo umenikamata." Paka alikuwa amejilaza juu ya tanuri, kama afanyavyo matofali yakiwa na moto. Mpimaji alimpapasa akapita, hoi kwa uchovu.

Jumatatu, basi, ndiyo siku aliyokosa kipande cha saba. Vilivyobaki alivigandisha kwenye gundi, akavisugua mpaka vikawa kama kioo, akaviweka chini ya hadubini. Ilimchukua muda kuinamisha jicho. Alipoinamisha, kingo zilikuwa zinang'aa. Chembe moja baada ya nyingine, zimepasuka na kung'aa. Akalia peke yake mle ndani kama mtoto.

Mtaalamu wa kiwanda, mzee asiye na mzaha, alichungulia asubuhi nzima. "Haya yamepata joto dogo, la muda mrefu," akasema. "Sina la kubisha."

Siku ya hukumu, kijana alipoachiwa huru, mjane wa mpakiaji alimngoja mpimaji mlangoni mwa mahakama, mtoto mgongoni. Hakuwa na ugomvi. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyemuua mume wangu?"

"Hakuna, dada yangu. Nimeona kwa macho yangu."

Mjane akamshika mkono, akashukuru, akaenda zake.

Nyumbani kukajaa watu. Mama alikuwa na unga hadi viwikoni, mgongo ukiwa mzima kabisa, akitaka kuoka mikate ya kuwagawia majirani. Kitinda mimba alikuwa barazani akitaniwa kwamba ugali wa jela umemnenepesha. Mpimaji akachukua reki, akaenda kulisafisha tanuri.

"Acha, nitalifagia mwenyewe," mama alisema.

"Leo pumzika bwana, mama."

Kule nyuma kabisa, penye ufa wa matofali, reki ikagonga kitu chini ya majivu. Akakivuta. Kilikuwa cheusi, kizito kuliko mkaa wa kupikia. Akakifuta kwa kidole gumba, mpaka rangi iliyoingia umanjano ikaonyesha namba saba.

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yake. Barazani kitinda mimba alikuwa anacheka.

"Nilikitafuta sana hicho," mama akasema, akanyoosha mkono apewe.