Nukta za Dacani

Kompyuta kuukuu ya shule ya wasioona ilikuwa karibu kukata roho, na ndiyo pekee iliyojua kuzungumza na mashine ya kuchapa vitabu vya nukta nundu, zile zinazosomwa kwa vidole.

Wiki tatu fundi alibana vikulabu vyembamba kwenye miguu ya chipu ya kompyuta hiyo, akifuatilia alama za umeme kwenye skrini ya kipimaji, ili laptopu yake ishike nafasi yake. Leo alidhani ameng'amua ni waya upi unaochapa nukta ipi ya kila herufi. Akaunganisha laptopu yake na mashine, akaandika neno moja.

Mashine ikanguruma, ikatema karatasi. Mwalimu, asiyeona tangu utotoni, akapitisha kidole.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Habari."

"Mbona nasoma 'dacani'?"

Fundi akaruka kwa furaha. "Nyaya mbili tu zimepishana, Mwalimu, ya nukta ya pili na ya nukta ya nne! Nyingine zote ziko sahihi!"

"Basi zibadilishe upesi. Darasa la kwanza hawana kitabu."