Moto wa Juu ya Paa

Moto ulikuwa unasinyaa, na maji yalikuwa yamemfika fundi shingoni.

Tangu asubuhi aliuona juu ya bomba la paa: kwanza wa manjano, mrefu, wa kupendeza, kisha wa bluu, mwembamba. Sasa, saa sita kasorobo, ulibaki mdogo kama ulimi wa paka. Aliongeza umeme wa tanuri hadi mwisho. Ukazidi kupungua.

"Usinifie leo," aliuambia. "Siku nyingine sawa, leo hapana."

Mtambo aliubuni dada yake, mhandisi. Gesi ya methani iliingia chini ya bomba la kauri, ndani ya tanuri, lililojaa madini ya bati yaliyoyeyuka, ikapanda kwa mapovu, ikaacha masizi yake humo. Hidrojeni ilitakiwa itokee juu na kuchomwa kwenye paa. Miaka mitatu dada aliutazama ule moto wa manjano akikunja uso. "Bado, mdogo wangu. Hiyo bado ni methani." Fundi, aliyesomea kuchomelea vyuma tu, alidhani dada anataka moto mkubwa zaidi. Mwezi uliopita walimzika. Alimwachia ombi moja: asiuache mtambo upoe. Bomba la kauri likipoa hupasuka, na jingine hakuna.

Mwenye karakana alisimama uani, kiganja juu ya nyusi kuzuia jua.

"Fundi, tuliahidiana. Saa sita nikiuona moto, kazi inaendelea. Nisipouona, unazima."

"Nipe dakika kumi tu, mzee."

"Dada yako nilimpa miaka mitatu."

Fundi alikimbilia kwenye chujio la masizi. Masizi ambayo kwa wiki nzima hayajazi hata kopo, asubuhi hii yalijaza ndoo nne. Kumbe haya ndiyo yanaziba, aliwaza, akayazoa kwa mikono mpaka akawa mweusi tii. Akatoka nje, akatazama juu. Hapakuwa na kitu, ila anga.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alibonyeza kiwashio mara kumi, mara ishirini.

"Naisikia gesi ikivuma, mzee. Inatoka. Haiwaki tu."

"Saa sita, fundi."

Alifunga gesi, akashusha swichi ya tanuri, akalia mbele ya mzee bila kuona haya. Lakini mvua ingeweza kuingia, na kazi ya dada haiachwi wazi. Akapanda ngazi na koti la kazi la marehemu ili aufunike mdomo wa bomba. Gesi iliyobaki ilikuwa bado ikivuma, taratibu. Akalinyoosha koti juu ya bomba, pale pasipo na kitu.

Mkono wa koti ukashika moto, kwa mwali wa hidrojeni usioonekana juani.

Na chini yake, ndani ya tanuri, kauri ikalia ta.