Nyuki Asiyetikisika

Harithi alimpiga nyuki picha nyingi juu ya ua la alizeti. Kila picha ilionyesha vizuri sehemu moja tu: jicho, bawa, mguu. Sasa kompyuta ilikuwa ikiziunganisha ziwe moja, naye ameuweka mkono begani kwa Zamda, aliyekuja kumpa jibu la posa yake.

"Hakutikisika hata kidogo! Nawe ungetulia hivi, mtoto wa watu!"

Zamda akacheka. "Mdudu gani asiyetikisika, bwana wee?"

Picha ikatimia. Chini ya shingo ya nyuki kulikuwa na buibui wa manjano, rangi ya ua lenyewe, amemkumbatia, meno yamezama.

"Lakini mbona sikumwona?" Harithi aliuliza, hajui anamuuliza nani.

Zamda aliutazama mkono ule begani. Hakutikisika.